Mwaka Niliotafuta Damu Safi

Walinipa maikrofoni nami sikuwa nimejiandaa. Ilikuwa Sosiot, mvua imetishia tangu asubuhi, na mazishi ya Mama Chelang'at yalikuwa yamefika pale marafiki wa familia wanapoitwa mbele. Aliyekuwa akiendesha shughuli akasema, "Sasa tumsikie binti wa Mama kutoka Kisii," na hema zima likageuka kunitazama, mimi mwanamke wa miaka hamsini na ushee, goti bovu, miwani imejaa ukungu. Nikasimama. Nikasema kwamba Mama alinipokea kwake nikiwa msichana, akanilisha, akanilaza, hakuniuliza kabila. Hapo maneno yakaniishia. Nilitaka kusema jambo moja la kweli kuhusu yeye na mimi, na kila nikiligusa linageuka; nikisema alinipenda, nakumbuka siku alizoninyamazia, nikisema nilimuumiza, nakumbuka kwamba ni yeye aliyekata kauli wala si mimi. Nikasema Mungu amlaze mahali pema, nikaketi. Daktari Ngeno, aliyekuwa bosi wangu mwaka ule, alikuwa upande wa wazee na fimbo yake katikati ya magoti. Aliniinulia kidevu tu. Tangu siku hiyo nabishana na nafsi yangu jikoni, na mume wangu ananiuliza naongea na nani.

Habari za kwetu na za shule nitaziruka, zilikuwa kama za kila mtu. Mwaka ninaoutaka ni ule nilipoajiriwa kuwa msaidizi katika maabara ndogo ya mifugo huko Kericho, chumba kimoja nyuma ya stoo ya mbolea, chenye friji iliyonguruma mchana kutwa na dirisha lililotazama majani chai mpaka macho yachoke. Daktari Ngeno alikuwa daktari wa mifugo, kijana bado, mzaliwa wa Sosiot, mtu wa kupiga mluzi wa nyimbo za kanisani akifurahi na kunyamaza ghafla akikasirika, kwa hiyo nilijua hali yake kwa masikio kabla ya kuinua macho. Alikuwa na wazo moja lililompeleka mbio: kipimo cha damu cha ugonjwa wa miguu na midomo kitakachowafaa ng'ombe wa huku kwetu. Vipimo vilivyotoka ng'ambo vilikuwa vimepimiwa ng'ombe wa ng'ambo, na vikifika kwetu vinasema leo hivi, kesho vile.

Nilivyofundishwa ni hivi. Ng'ombe akikutana na ugonjwa wa virusi, mwili wake huunda kingamwili za kupigana nao, na hata akipona, kingamwili hizo hubaki katika damu kwa muda mrefu. Kwa hiyo huhitaji kumkuta akitokwa na mate na kuchechemea. Damu itakuambia kwamba aliwahi kukutana na adui. Tulikuwa na sahani za plastiki zenye vijishimo, na chini ya kila kijishimo tulinatisha vipande vya virusi vilivyokwisha kuuawa. Unatia seramu, yale maji yanayobaki juu damu ikiganda. Kama kingamwili zimo, zinang'ang'ania pale chini. Unaosha, unatia dawa, unaosha tena, unatia rangi. Kijishimo kikigeuka manjano, ng'ombe huyo aliwahi kuambukizwa. Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya mtoto. Wacha tu! Hakuna kijishimo kinachobaki cheupe kabisa. Kila damu hutoa rangi kidogo, hata ya ng'ombe mzima, kama vile chai hata ikiwa nyepesi vipi bado si maji. Lazima mtu achore mstari aseme: manjano kuanzia hapa ni ugonjwa, chini ya hapa si kitu. Na huo mstari huwezi kuuchora bila damu safi, damu ya ng'ombe ambao una hakika hawajawahi kukutana na ugonjwa huo maishani.

Ndiyo sababu nilipelekwa kwa Mama Chelang'at. Alikuwa mjane, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, ana shamba la majani chai na zizi la ng'ombe wachache wanaolishwa palepale, hawaendi malishoni wala mtoni. Ugonjwa ulikuwa haujafika upande ule kwa miaka na miaka. Daktari Ngeno alinipeleka mwenyewe, akavua kofia mlangoni, wakasalimiana Kikipsigis kwa kirefu, kisha wakabadili Kiswahili kwa ajili yangu. "Mama, hizi ng'ombe zote ni zako?" Daktari akauliza. "Ni zangu," Mama akasema. "Hakuna imetoka nje?" "Si unaona ziko hapa." Daktari akaitikia kwa kichwa, akatazama mabati ya paa, akauliza habari za kwaya. Mimi nikaona maswali yameisha, kumbe kwa watu wa pale hayakuwa yameanza. Tukakubaliana nitakaa kwake, niwe nikitoa ng'ombe wake damu mara kwa mara, nikienda Kericho na sanduku langu la barafu.

Nilipewa chumba cha Chelang'at, bintiye aliyekuwa ameolewa Bomet. Ukuta ulikuwa umebandikwa kalenda za miaka iliyopita kwa sababu ya picha zake, na kitanda kilikuwa karibu na jiko hivi kwamba nilijua kinachopikwa kabla sijafungua macho. Ile mboga ya majani machungu yeye aliiita isagek, mimi nikaiita chinsaga, tukabishana wiki nzima huku tukila sufuria moja. Mursik, yale maziwa yao yaliyochachushwa kibuyuni, ulinishinda mwanzoni. Alinicheka mpaka akashika mlango. "Posibori, hii ndiyo ilifanya watu yetu wakimbie mbio, na wewe unakunja uso!" Jina langu ni Bosibori, lakini kwake nilikuwa Posibori, na mpaka leo nikisikia mtu ananiita sawasawa naona kama amekosea kidogo. Maziwa yote ya nyumba ile yalitoka kwa ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea chini, aliyekuwa na ndama mchanga. Wale wengine walikuwa mitamba, bado hawajazaa.

Basi siku nilipoleta damu za mwanzo maabara, nikafanya kila hatua kama nilivyofundishwa. Mitamba ikatoa rangi hafifu, kama tulivyotarajia. Ng'ombe mwekundu akatoka manjano. Na yule ndama, ambaye nilimuona kwa macho yangu akiwa na kitovu kibichi, ambaye hajawahi kukanyaga nje ya zizi, akatoka manjano kumzidi mama yake. Mluzi wa Daktari ukakatika. "Hukuosha sahani vizuri," akasema. Nikaosha upya, nikagonga sahani juu ya karatasi mpaka mkono ukafa ganzi. Manjano. Akasema maji ndiyo mabaya, tukabadili maji. Manjano. Akasema labda nimechanganya chupa, nikarudi Sosiot nikatoa damu nyingine huku nikiongea na mkono wangu kama mwehu: hii ni ya mwekundu, hii ni ya mwekundu. Manjano tena! Haki ya Mungu, nililia chooni. Sikuelewa mbele wala nyuma. Kama kipimo ni kibovu, mbona mitamba inatoka sawa? Kama ni kizuri, ndama aliugua lini, tumboni?

Habari ya ndama Daktari aliimaliza kesho yake. Ndama hunyonya kingamwili za mama yake katika maziwa ya mwanzo, yale mazito ya manjano, na kwa miezi kadhaa damu yake husimulia magonjwa ambayo hakuugua yeye. Kwa hiyo tatizo lilikuwa moja tu, mama. Na kuhusu mama Daktari alikuwa na njia mbili, akanieleza zote tukiwa tumekalia makreti. Angeweza kumtoa ng'ombe mwekundu katika kundi la damu safi, lakini kumtoa bila sababu ni kuchagua damu inayokupendeza na kutupa inayokuudhi, na wakubwa wa Nairobi waliokuwa waje kukikagua kipimo wangemuuliza. Au angeupandisha mstari, ng'ombe mwekundu ahesabike safi, mambo yaishe. "Na mstari ukipanda?" nikauliza. Akatazama dirishani. "Wengine walioambukizwa kweli watapita chini yake. Watauzwa sokoni wakiitwa wazima." "Si uulize Mama tena?" Daktari Ngeno akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule. "Nimeuliza. Ameshasema ni zake." Na akaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Niliporudi Sosiot jioni hiyo nilikuta mgeni zizini, mzee mrefu mwenye koti la mvua, Mama akamtambulisha kama Arap Mosonik, rafiki ya marehemu mume wake, anatoka Soin, kule chini kwenye joto. Nikamsalimia chamgei yangu mbovu, akacheka, nikaingia ndani. Dirisha la chumba changu lilitazama zizi. Ng'ombe mwekundu, ambaye mimi alinipiga mateke kila mara nikimkaribia na sindano, alikuwa ameweka kidevu begani mwa yule mzee, naye anamkuna chini ya pembe iliyopinda bila kutazama, mkono unajua njia. Walikuwa wakiongea polepole na Mama. Kikipsigis changu kilikuwa cha sokoni, lakini nilisikia neno la ugonjwa, nikasikia watoto wake, nikasikia Mama akisema hapana, hapana.

Jumamosi tulichuma majani chai pamoja, yeye mstari wake na mimi wangu, vikapu mgongoni. Nikapiga moyo konde. "Mama, yule ng'ombe mwekundu ni wa nani?" Vidole vyake havikusimama. Tukaenda mpaka mwisho wa mstari, tukageuka, ndipo akasema, "Ni ya Mosonik. Lakini ni yangu." Nikamwambia sielewi. "Utaelewa aje, nyinyi mnafunga ng'ombe zenu zote pahali moja kama watu wanangoja radi." Akanieleza kimanagan. Mtu mwenye ng'ombe humpa rafiki mmoja akae naye. Rafiki anamlisha, anamkamua, watoto wake wanakunywa. Ndama ni wa mwenyewe, ila siku moja, bila kuombwa, atakuachia mmoja. Na wewe una wako kwake. Ugonjwa ukipiga kwako, wa kwa rafiki anabaki. Yeye Mama alikuwa na ng'ombe wake mmoja kule Soin, wa tangu mumewe akiwa hai. Na jambo hilo halitangazwi. Arap Mosonik alikuwa na vijana, wanawe, waliokuwa wakiuza kila kilichosimama kwa miguu minne, na ng'ombe mwekundu alimleta huku ili kumwondoa machoni pao. "Aliugua kabla ya kuja?" nikauliza. "Aliugua kule na akapona. Mosonik akasema wacha akae baridi."

Jamani, nilifurahi! Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka kuruka juu ya majani chai, kwa sababu kipimo chetu kilikuwa kizima, sahani zangu zilikuwa safi, na damu ilikuwa imesema kweli tupu wakati sisi wote tunaitukana. Kisha nikaona uso wa Mama, furaha ikaniishia. Nikamweleza habari ya mstari. Sikupamba. Nikamwambia ukipanda, ng'ombe mwenye ugonjwa atapita sokoni na sifa ya kuwa mzima, afikie mama mwingine mwenye zizi kama lake. Nikamwambia pia kwamba mstari ukibaki chini, lazima Daktari aseme ng'ombe huyu alitoka wapi na aliugua lini, na watu watateremka Soin kuhakikisha. "Na vijana watajua," akasema. Nikasema ndiyo. "Wewe utamwambia Ngeno?" "Siwezi, Mama. Si siri yangu." Alitikisa kikapu majani yashuke. "Haya. Umenipa mzigo sasa, na wewe umebaki mikono mitupu."

Hayo maneno ndiyo niliyoyashika pale mbele ya hema, maikrofoni ikinikoromea mkononi. Nimeyazungusha miaka mingi. Nilidhani ninamheshimu, na huenda nilimheshimu. Lakini heshima gani hiyo inayomwacha mjane achague kati ya rafiki yake na mazizi ya watu asiowajua? Tena ningemwambia Daktari mimi mwenyewe, ningekuwa mgeni aliyeingia nyumba ya watu akatoka na siri yao. Nikienda kulia naona kosa, nikienda kushoto naona kosa, na nikisimama vilevile. Kwa siku kadhaa Mama hakunisemesha, na hata baadaye hakurudi kula nami. Chakula kilikuja mezani kama kawaida, moto, sahani imefunikwa, lakini alikula jikoni peke yake, nami nilisikiliza kijiko chake kupitia ukutani na kumkosa kana kwamba alikuwa ng'ambo ya mto.

Kisha asubuhi moja alivaa gauni la kanisani, akashuka Soin bila kuniaga. Alirudi na Arap Mosonik, wakamtumia Daktari Ngeno ujumbe aje nyumbani. Tulikaa sebuleni, vitambaa vyeupe kwenye makochi, chai imemiminwa na hakuna anayekunywa. Mzee aliongea akitazama kofia yake. Akasema ng'ombe ni wake, akasema msimu alioumwa, akasema alivyotokwa na mate na kwato zilivyopasuka, na jinsi alivyopona. Akasema rafiki yake amemuomba aseme, na yeye hawezi kumnyima. Daktari Ngeno hakushangaa hata kidogo. Nilimuona, hakushangaa! Walipotoka kwenda zizini nikamkabili pale pale. "Daktari, ulikuwa unajua?" "Nilikuwa najua inaweza kuwa hivyo." "Na mbona hukuuliza? Umenifanya nioshe sahani mpaka ngozi ikatoka!" Akajipangusa uso. "Bosibori, mimi ni mtoto wa hapa. Mama ya mtu akiniambia ng'ombe ni yake, nimuulize tena ni ya nani? Niulize mara ya pili nikiwa nimesimama kwa mlango wake?" Kwa hiyo yeye hakuweza kuuliza kwa kuwa alijua, na mimi sikuuliza kwa kuwa sikujua, na katikati yetu kipimo kilikuwa kinaelekea kuharibika hivi hivi tunakitazama. Sikujua nimcheke au nimpige na kofia yake.

Mstari ulibaki chini, pale ulipostahili. Ng'ombe mwekundu alihamishwa kutoka kundi la damu safi akawa mfano wetu mzuri kuliko yote wa ng'ombe aliyeugua akapona. Watu waliteremka Soin, wakapima ng'ombe wa Arap Mosonik, na kama Mama alivyosema, vijana wakajua. Walikuja wawili, wenye adabu, wakanywa mursik, wakamfungua ng'ombe mwekundu wakaenda naye, na tangu hapo tukanywa chai bila maziwa. Daktari aliwasihi wamwache ndama kwanza, alikuwa ameshaanza kula majani, tuone rangi itakavyoshuka, wakakubali. Nilimpima ndama yule mwezi baada ya mwezi na kutazama zile kingamwili za kuazima zikififia, manjano, manjano hafifu, mwisho hafifu kama ya mitamba, na wakaja wakamchukua na yeye. Mama alipouliza habari ya ng'ombe wake mwenyewe aliyekuwa kule, wakamwambia kwa heshima kabisa kwamba hawajui ng'ombe kama huyo. Arap Mosonik alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kukaa ndani, mgonjwa, na vijana ndio waliokuwa wakiongea kwa niaba yake. Hakukuwa na shahidi. Jambo lenyewe lilikuwa limejengwa lisiwe na shahidi.

Mwisho wa mwaka wakubwa wa Nairobi walikuja, wakakaa na sahani zetu tangu asubuhi mpaka alasiri, na walipoondoka Daktari Ngeno alikuwa akipiga mluzi kwa sauti hata watu wa stoo ya mbolea wakachungulia. Nilifika Sosiot kabla giza halijaingia. Mama alikuwa jikoni, akaniambia kaa, chai iko karibu. Nikiwa chumbani nikivua viatu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika nyumba ile, makasi yakikata kitu kigumu kidogo, kisha maziwa yakimiminika. Nilipotoka alikuwa anasukuma kuni kwa mguu, na nyuma ya kuni ilionekana pembe ya paketi ya maziwa ya dukani. Tulijifanya hatukuona, mimi na yeye. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya majani chai akakaa nami mezani. Moyo uliniuma, tena nilifurahi kumuona pale karibu, yote mawili kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi.

"Wale watu walisema nini?" akauliza.

"Wamekubali, Mama. Watakitumia."

"Kile kitu chako kinasema ukweli?"

"Kinasema ukweli."

"Basi ni vizuri," akasema, na kikombe changu kilikuwa bado nusu, lakini alikichukua akanijazia.